Sura ya Sita: Milimita 53

Gari la kwanza la Fritz Fend halikuwa na injini. Lilikuwa na magurudumu matatu, kiti kimoja na wenzo wa kusukuma na kuvuta kwa mikono, nalo lilikusudiwa wanajeshi waliorudi vitani bila miguu. Ulikuwa mwaka 1948. Fend alikuwa mhandisi wa ndege katika nchi iliyopigwa marufuku kutengeneza ndege, kwa hiyo ujuzi wake aliuhamishia kwenye kitu ambacho mataifa yaliyoshinda vita yasingekikataza. Baadaye aliongeza injini ndogo, na karakana yake ya Rosenheim ikaanza kupokea oda asizozitarajia. Watu wenye miguu yote miwili nao walikitaka kigari kile.

Sababu yao ilikuwa mvua. Mjerumani wa kawaida wa miaka hiyo, akifanikiwa kununua chombo cha moto, alinunua pikipiki. Alikwenda nayo kazini Januari, theluji ikimpiga usoni, na mkewe nyuma akiwa amejifunika koti la mpira. Volkswagen ilikuwepo, lakini hata katikati ya miaka ya 1950 iliuzwa karibu marki 3,800, na kwa mfanyakazi wa kiwandani hiyo ilikuwa pesa ya kuota. Kati ya pikipiki na Volkswagen palikuwa na pengo, na kwa muda wa miaka kumi hivi waungwana, wajasiriamali na wendawazimu kadhaa walijaribu kuliziba kwa magari madogo kuliko yote ambayo Ulaya iliwahi kuyaona barabarani kwa wingi.

Sura hii inahusu magari hayo, na inahusu pia nakala zake ndogo zaidi, zile zinazokaa kwenye rafu. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi. Sioni aina nyingine ya gari ambayo ukubwa wake ndio habari yake yote, na kwa hiyo sioni nyingine inayomtia mtengenezaji wa modeli katika mtihani wa namna hii.

Mwaka 1952 Fend alipeleka wazo lake kwa Willy Messerschmitt, mtu ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye ndege za kivita maelfu kwa maelfu. Kiwanda chake cha Regensburg kilikuwa na mashine na mafundi lakini hakikuwa na ndege ya kutengeneza. Mwaka uliofuata ikatoka KR175, na mwaka 1955 KR200, iliyo maarufu zaidi. Umbo lake ni kama bajaji iliyogeuzwa kinyumenyume: magurudumu mawili mbele, moja nyuma. Dereva anakaa katikati, abiria mgongoni kwake, na wote wawili wamefunikwa kwa kuba la plastiki angavu linalofunguka kwa upande. Mahali pa usukani wa duara pana upau wa kushika kwa mikono miwili. Kwa kuwa watu wamekaa mmoja nyuma ya mwingine, uso wa gari unaoukabili upepo ni mwembamba, na ndiyo maana injini ya mipigo miwili ya Fichtel & Sachs, silinda moja, cc 191, nguvu za farasi 10 tu, iliweza kulifikisha kilomita 90 kwa saa.

Halikuwa na gia ya rivasi. Dereva aliyetaka kurudi nyuma alizima injini, akausukuma ufunguo ndani zaidi, akawasha tena, na injini ikazunguka kinyume. Sasa gia zote nne zikawa za kurudi nyuma. Kwa nadharia, basi, KR200 ingeweza kukimbia kinyumenyume kasi ileile ya mbele, ingawa sitaki kumfikiria dereva aliyelijaribu hilo barabara kuu. Kiwanda kilitafuta sifa kwa njia ya heshima zaidi: mwaka 1955 KR200 iliyofanyiwa marekebisho ilizungushwa saa 24 kwenye uwanja wa Hockenheim kwa wastani wa kilomita 103 kwa saa, ikavunja rekodi 22 za dunia za magari ya magurudumu matatu yenye injini ndogo.

Hadithi moja inasimuliwa kila mahali penye kigari hiki: kwamba kuba lake lilikuwa masalio ya ndege za kivita yaliyobaki stoo. Si kweli. Kuba lilibuniwa kwa ajili ya gari lenyewe. Kilichotoka kwenye ndege ni fikra, yaani kumweka rubani na msaidizi wake katika mstari mmoja, kupunguza uzito na kuchunga upepo. Nadhani watu wanaipenda hadithi ya masalio kwa sababu inafanya vita vionekane vimegeuka kichezeo na kuisha. Kuna jambo zito zaidi ambalo wauzaji wa modeli hawaliandiki kwenye boksi. Ndege za Messerschmitt, na za Heinkel aliyeingia naye kwenye vigari mwaka 1956, zilitengenezwa kwa sehemu na wafungwa wa kambi za mateso, Flossenbürg kwa yule wa kwanza na Sachsenhausen kwa huyu wa pili. Jina lililo kwenye pua ya kigari cha kupendeza ndilo lililokuwa kwenye karatasi za kambi. Mkusanyaji anaweza kuyajua yote mawili bila kukitupa kigari chake, ila sharti ayajue.

Gari la pili kwa umaarufu halikuzaliwa Ujerumani. Karibu na Milano palikuwa na kampuni ya Iso, mali ya Renzo Rivolta, iliyokuwa ikitengeneza majokofu kabla ya kuhamia kwenye skuta. Mwaka 1953 ilionyesha Torino kigari chenye umbo la yai ambacho mlango wake mmoja tu uko mbele, ambapo magari mengine yana injini. Unaufungua, usukani unafuatana nao kwa kiungo maalumu, unaingia, unageuka, unakaa, unaufunga. Ukiutazama mlango huo huchelewi kukumbuka jokofu. Waitaliano hawakuvutiwa sana. Fiat walikuwa na magari madogo yenye heshima zaidi.

BMW ndio walioiona nafasi. Kampuni hiyo ya München ilikuwa na tatizo la ajabu: ilitengeneza magari makubwa ya kifahari ambayo nchi maskini haikuweza kuyanunua, na pikipiki ambazo nchi iliyoanza kupata pesa ilikuwa inaziacha. Ilinunua leseni ya Isetta pamoja na mitambo ya kukunjia bati lake, ikatoa injini ya Kiitaliano na kuweka ya pikipiki yake yenyewe, cc 247, mipigo minne, nguvu za farasi 12. Uzalishaji ulianza 1955. Hadi ulipokoma mwaka 1962 yalikuwa yametoka magari 161,728. Faida kwa kila moja ilikuwa ndogo, na Desemba 1959 BMW ilinusurika chupuchupu kumezwa na Daimler-Benz katika mkutano wa wanahisa. Hata hivyo ni yai hilo lililoweka milango ya kiwanda wazi hadi siku hiyo.

Kwa nini cc 247, wala si 300? Jibu liko kwenye leseni ya udereva. Wajerumani waliopata leseni ya daraja la nne kabla ya Desemba 1954 waliruhusiwa kuendesha chombo chochote kisichozidi cc 250. Hao walikuwa watu wa pikipiki, mamilioni yao, na wengi hawakutaka kurudi darasani wala kulipia mtihani mwingine. Mhandisi aliyevuka 250 alikuwa amewapoteza kabla hajaanza. Sheria ndiyo iliyochora injini. Injini ikachora uzito. Uzito ukachora bodi. Hapo ndipo udogo wa magari haya ulipotoka. Mitindo haikuhusika, wala falsafa. BMW walipotoa Isetta 300 mwaka 1956 bado waliiacha ile ya 250 iendelee kuuzwa, kwa ajili ya wenye leseni hizo.

Aliyefaidi kanuni hiyo kuliko wote hakuwa mtu wa ndege wala wa pikipiki. Hans Glas wa Dingolfing, mji mdogo wa Bavaria, alitengeneza mashine za kupandia mbegu. Alianza na skuta mwaka 1951, akaipa jina la utani la mjukuu wake, Goggo, kisha mwaka 1955 akatoa Goggomobil: magurudumu manne kwenye pembe nne kama gari la watu wazima, milango miwili ubavuni, injini ya silinda mbili nyuma, cc 245. Hakuna lililofunguka mahali pa ajabu. Halikufanana na ndege, yai wala jokofu. Likauzwa zaidi ya 280,000 na kudumu hadi 1969, likiwazika wenzake wote. Posta ya Ujerumani Magharibi ilinunua yenye bodi ya kubebea vifurushi na kuyapaka njano. BMW waliinunua kampuni ya Glas mwaka 1966, na Dingolfing leo ni moja ya viwanda vyao vikubwa kabisa.

Mengine nitayapita haraka, si kwa sababu hayana utamu. Kleinschnittger F125 wa Arnsberg, bodi ya alumini, kilo 150 hivi, aliwashwa kwa kuvuta kamba, na kwa kuwa hakuwa na rivasi kabisa, dereva alishuka, akanyanyua mkia wa gari, akaugeuza. Lloyd LP300 wa Bremen alikuwa na bodi ya plaiwudi iliyovikwa ngozi bandia. Wananchi walimtania kwamba huziba majeraha yake kwa plasta ya dukani, wakatunga na kibwagizo kwamba asiyeogopa kufa ndiye huendesha Lloyd. Egon Brütsch wa Stuttgart alibuni Mopetta, kiti kimoja, cc 50, urefu chini ya mita mbili, akatengeneza 14 tu. Fuldamobil ya mji wa Fulda ilisafiri kwa leseni hadi Chile, India na Ugiriki.

Zündapp Janus, ambayo jina lake ni la mungu wa Kirumi mwenye nyuso mbili, ilikuwa na mlango mbele na mlango nyuma, injini katikati, na abiria wa nyuma waliowapa mgongo wa mbele. Walisafiri wakitazama walikotoka. Ilichorwa na Dornier, mtengenezaji mwingine wa ndege aliyekosa ndege, ikatengenezwa Nürnberg kuanzia 1957 hadi 1958, magari 6,902, kisha kiwanda kikauzwa kwa Bosch. Watoto wengi wa karne hii wameishika Janus mkononi bila kujua: yule Profesa mwovu mwenye miwani ya jicho moja katika filamu ya Cars 2 ya mwaka 2011 ni gari hilo hilo, hata jina lake ni Zündapp.

Mgogoro wa Suez wa 1956, ulioifanya petroli iwe adimu Ulaya, uliwapa wote pumzi ya ziada. Halafu mishahara ikapanda. Mtu aliyeweza kununua Volkswagen, hata iliyotumika, hakuwa na sababu ya kukaa mgongoni kwa mwenzake chini ya kuba linalochemka Julai. Isetta iliondoka 1962, KR200 ikafuata 1964. Magari mengi yaliishia skrepa, kwani nani huhifadhi kumbukumbu ya umaskini wake?

Wanaohifadhi walikuja baadaye, na kabla yao walikuwepo watengeneza vichezeo. Nürnberg, mji wa Janus, ni mji wa vichezeo kuliko wa magari. Schuco ilianzia hapo mwaka 1912, na tangu 1950 maonyesho ya vichezeo ya mji huo yamekuwa ndiyo soko kuu la biashara hiyo Ulaya. Vigari vilikuwa chambo rahisi: mtoto anakiona barabarani kitu chenye ukubwa wa kichezeo, dukani anakikuta kichezeo chenyewe. Wajapani waliliona hilo mapema, na Bandai walikanyaga bati wakatoa Messerschmitt na Isetta za kusukuma, zenye gurudumu la mwendo ndani, zilizouzwa sana Marekani ambako magari yenyewe yalikuwa ya kuchekesha tu.

Ila bati lile, kama vichezeo vingi, lilidanganya kuhusu jambo moja. Kiwanda cha vichezeo kina boksi la kawaida na bei ya kawaida. Mzazi akilipa pesa ileile anataka mkono wa mtoto ushike kitu kilekile. Kwa hiyo lori linapunguzwa, kigari kinakuzwa, na vyote vinatoka dukani vikiwa ndugu wa kimo kimoja. Kwa magari mengi kosa hilo halina madhara. Mercedes iliyopunguzwa kidogo bado ni Mercedes. Isetta iliyokuzwa ikalingana na Mercedes imepoteza kila kitu, maana barabarani ilikuwa nusu yake, na katika nusu hiyo ndimo ilimokuwa leseni, mshahara, mvua na pengo lote nililolieleza juu.

Ndiyo maana nawaheshimu Spot-On. Ilikuwa chapa ya kampuni ya Lines Bros, vigari vyake vikitengenezwa Belfast kuanzia 1959, na ilijinadi kwa ahadi moja: kila kitu kwa skeli ya 1:42, bila upendeleo. Walikuwa na Rolls-Royce na walikuwa na Isetta. Walikuwa na basi na walikuwa na Goggomobil. Ukizipanga pamoja, Isetta inakaribiana kwa urefu na kalamu iliyochongwa ikakaribia kuisha na Rolls-Royce inaipita zaidi ya mara mbili, sawasawa na ilivyokuwa mtaani. Corgi nao walitoa Heinkel mwaka 1962, kigari kizuri sana peke yake, ila ukikiweka kando ya magari mengine ya Corgi utakiona kimenenepa kidogo.

Wakusanyaji wa leo wengi hufuata skeli ya 1:43. Namba hiyo ya ajabu ilirithiwa kutoka kwenye treni za kuchezea za Uingereza, ambapo milimita saba zilisimama badala ya futi moja. Katika 1:43 Isetta, yenye urefu wa mita 2.285, inakuwa milimita 53. Mercedes 300 aliyopanda Kansela Adenauer inakuwa karibu 115. Kwenye skeli ya 1:87, ile ya treni za Märklin, Isetta inabaki milimita 26 na Volkswagen 47, na hapo ndipo mimi huona vigari hivi vikizungumza vizuri zaidi: kimoja kimeegeshwa mbele ya stesheni ya plastiki, kati ya mabasi na malori, na jicho linaelewa mara moja bila maelezo.

Kuvitengeneza ni kazi ya kuumiza vichwa. Magurudumu ya nyuma ya Isetta yamekaribiana, sentimita 52 tu kati yao, ili gari lisihitaji difu. Katika 1:43 hizo ni milimita 12. Mtengenezaji mvivu huyapanua ili modeli isimame imara, na tayari ameiua. Rangi nayo ina ubishi wake. Haiwezi kupunguzwa kwa skeli, kwa hiyo tabaka la maikroni 30 juu ya modeli ni sawa na rangi nene zaidi ya milimita moja juu ya gari la kweli, na kwenye bodi ndogo yenye mikunjo myembamba unene huo humeza maungio ya milango. Kuba la KR200 ndilo gumu kuliko yote. Likiwa nene huonekana kama chupa. Likiwa jembamba hupasuka kwenye kalibu. Na anayeunganisha modeli ya vipande asithubutu kulibandika kwa supaglu, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, na ukungu huo hautoki.

Skeli kubwa ya 1:18 ilivipa vigari hivi maisha mapya miaka ya 1990, Revell walipotoa Isetta, KR200 na Goggomobil za chuma zenye milango inayofunguka. Baadaye Oxford wa Uingereza wakafuata njia hiyo. Kwa Isetta swali la mnunuzi ni moja: ukifungua mlango, usukani unakwenda nao? Usipokwenda, acha modeli hiyo dukani.

Wakati huo magari yenyewe yalikuwa yamekwisha kugeuka dhahabu. Mwaka 1958 Fend, ambaye tayari alikuwa amekichukua kiwanda cha Regensburg yeye na mshirika wake, alitoa Tg500, KR yenye magurudumu manne na injini ya cc 494, gari lenye fujo ambalo mashabiki huliita Tiger. Mia chache tu zilitengenezwa. Februari 2013 mkusanyiko wa Bruce Weiner, zaidi ya vigari 200 vilivyokuwa kwenye jumba la makumbusho huko Georgia, Marekani, ulipigwa mnada, na Tiger mmoja akaondoka kwa dola 322,000. Aliyekuwa mfanyakazi wa Regensburg mwaka 1958 angedhani ni utani.

Asiye na dola hizo anabaki na rafu. Isetta, KR200, Goggomobil na Janus kwa skeli ya 1:18, zikipangwa pua kwa mkia, zinachukua sentimita 60 na ushei. Mercedes ya Adenauer kwa skeli hiyo hiyo inachukua 27 na nusu, kwa hiyo kwenye nafasi hiyo zingeegeshwa mbili tu.